Risasi Isiyo na Bunduki

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na vyumba vinne na bomba moja la maji. Chumba cha kwanza kilikuwa changu. Viwili vya katikati alikaa Fundi Betri na mkewe, mama yake mzazi, na watoto wao wawili. Cha mwisho mwenye nyumba alijaza takataka zake na kuziita mali. Kuta zilikuwa nyembamba. Fundi akikohoa kwake, mimi nampa pole nikiwa kwangu.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Wakati huo nilikuwa nimeifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Nilijiona nawajua watoto nje ndani. Aibu ya maneno hayo mtaiona mbele.

Fundi alifanyia kazi palepale uani, chini ya mabati matatu, hatua kumi kutoka bombani. Watu walimletea betri za magari zilizokufa. Alizipasua, akamwaga tindikali kwenye mtaro, akatoa sahani za ndani. Sahani hizo ni za madini mazito ya kijivu, nasi sote tunayaita risasi. Aliyaweka kwenye sufuria kuukuu ya chuma, juu ya jiko la mkaa, yakayeyuka yakawa maji yanayong'aa. Kisha aliyamimina kwenye kalibu na kupata sahani mpya.

"Shemeji," nilimwambia siku moja, "huiogopi hiyo risasi?"

Alicheka. "Risasi ya kuogopwa ni ile yenye bunduki nyuma yake, Mwalimu. Yangu haina bunduki. Imelala kwenye sufuria kama uji."

"Na moshi wake?"

"Moshi una dawa yake. Nikimaliza kazi nakunywa glasi moja ya maziwa. Uchafu wote unashuka."

Ndivyo walivyoamini mafundi wote niliowajua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaoshi risasi mwilini. Wakati huo hakuna aliyetuambia.

Jioni Fundi aliingia ndani na ovaroli lake, akawabeba watoto hata kabla ya kunawa. Nani angemlaumu? Alikuwa amewakumbuka kutwa nzima, ingawa walikuwa hatua kumi tu kutoka alipokuwa. Mkewe alifua ovaroli hilo kwenye beseni moja na nguo za mtoto mchanga. Asubuhi alifagia uwanja ukiwa mkavu, na vumbi la kijivu lilipanda, likatua kwenye vyombo, kwenye nguo zilizoanikwa, na kwenye mkeka wa watoto. Alikuwa mwanamke msafi sana. Hakukosa kufagia hata siku moja.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana. Tulimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Alipokuwa na miaka mitatu alikuja chumbani kwangu kila jioni kunihadithia siku yangu mwenyewe.

"Mwalimu, leo umevaa viatu vyeusi. Umetoka, umesahau mwavuli, umerudi. Umemgombeza paka. Paka amenuna. Kwa nini umemgombeza?"

Nilisema moyoni, huyu akiingia darasani kwangu nitampumzisha mwalimu mkuu, atafundisha yeye.

Baba yake alimpenda kupita kiasi. Risasi iliyobaki kwenye sufuria hakuitupa. Alichimba vishimo kwenye mchanga mbichi akaimimina humo, na ilipopoa akamtengenezea binti yake vyombo vya kuchezea: vyungu vitatu, vikombe viwili na kijiko. Hakuna mtoto mwingine mtaani aliyekuwa na vyombo kama hivyo. Chiriku alipika mchanga, akapika majani, akaonja, akatukaribisha sote. Hata kulala alilala na kijiko chake.

Sijui hasa ni lini mambo yalianza kubadilika. Hakukuwa na siku moja ya kusema ni hii. Alipofika miaka minne alianza kulalamika tumbo. Choo kilikuwa kigumu. Midomo yake ilipauka. Alikasirika kwa jambo dogo, akajitupa chini na kupiga kelele, yeye ambaye zamani alimaliza kila ugomvi kwa maneno. Walimpa dawa ya minyoo mara tatu.

"Minyoo gani hii isiyokufa?" Bibi yake aliuliza. "Au wamesoma shule?"

Tulicheka. Hata Bibi mwenyewe alicheka. Na Chiriku alikuwa amekaa pale pale, anatuangalia, hakusema neno.

Alipofika miaka mitano aliingia darasani kwangu. Nilingoja nyota, nikapata mtoto aliyetazama ukutani. Alihesabu moja, mbili, tatu, akakwama. Tulichojifunza Jumatatu, Jumanne hakikuwepo. Nikimwambia alete kitabu na kalamu, alileta kalamu akasimama nayo, amesahau cha pili. Wenzake wakikaa dakika kumi kusikiliza hadithi, yeye dakika mbili alikuwa amekwisha kuinuka.

Nami mwenye miaka kumi na tisa kazini nilifanya nini? Nilimwita mvivu. Siku moja nilimsimamisha mbele ya darasa nikamwambia, "Mdomo ni wa nyumbani tu? Hapa umeuacha wapi?" Watoto walicheka. Alinitazama, akalowesha gauni lake palepale aliposimama.

Jioni nilimfuata mama yake bombani.

"Dada, mmemdekeza huyu mtoto. Hataki kutumia akili."

Aliacha ndoo ijae mpaka maji yakamwagika. "Mwalimu, mimi nami sijui. Ni kama mtoto wangu anakwenda mbali, na huku amekaa hapahapa."

Nilimjibu kwamba atabadilika. Namshukuru Mungu kwamba hakuyabeba moyoni maneno yangu, ingawa mimi mpaka leo nayabeba.

Wiki chache baadaye Bwana Afya alikuja shuleni kuwapima watoto. Alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, mwenye mkoba uliochanika mpini. Alipima uzito, akatazama macho na meno. Alipofika kwa Chiriku alishusha ukope wa chini kwa kidole. Ndani palikuwa peupe.

"Huyu damu yake ni kidogo," alisema. "Anakula?"

"Anakula, ila tumbo linamsumbua. Na darasani ni mzito."

"Alizaliwa hivyo?"

"Hapana. Alikuwa anaongea kuliko sisi sote."

Bwana Afya aliweka kalamu chini. "Baba yake anafanya kazi gani?"

Nilishangaa. Miaka yote hiyo, hakuna mtu aliyewahi kuuliza swali hilo, si kwenye duka la dawa, si mimi mwenyewe.

"Ni fundi betri. Anazifungua nyumbani."

Alichukua kalamu akaandika. Kisha akaomba amuone mama mtoto siku hiyohiyo. Kesho yake Chiriku na mdogo wake walipelekwa hospitali kubwa, wakatolewa damu.

Mdogo wake alikuwa na miezi minane. Tulimwita Bosi, kwa sababu alibebwa na kila mtu na hakumshukuru yeyote. Wakati huo ndiyo kwanza alikuwa anatambaa, na mkono wake ukitoka sakafuni safari yake ilikuwa moja tu, mdomoni.

Majibu yalikuja baada ya siku tisa. Bwana Afya aliyaleta mwenyewe. Tulikaa uani, Fundi kwenye kigoda chake, mkewe amempakata Bosi, Bibi mkekani, nami nimesimama mlangoni kwangu.

"Wazazi," alisema, "mtoto wenu mkubwa ana risasi mwilini. Nyingi."

Bibi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Risasi! Nani kampiga mjukuu wangu?" Alimvuta Chiriku, akampandisha gauni, akamgeuza mgongo, akamgeuza tumbo. "Imeingilia wapi? Mbona sioni tundu?"

Fundi alianza kucheka. "Mama, si hiyo. Anasema risasi hii yangu, ya..."

Hakumaliza. Kicheko kilimwishia mdomoni. Aliitazama sufuria yake juu ya jiko la mkaa.

"Ndiyo," alisema Bwana Afya. "Hiyo yako."

"Lakini mimi naishika kila siku. Mbona mimi mzima?"

"Una uhakika wewe ni mzima? Kichwa hakikuumi? Viungo je?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Kinamuuma kila jioni."

"Basi nawe umo, na tutakupima. Hata mama na bibi tutawapima. Lakini kwa mtoto ni vibaya zaidi. Mtoto mdogo anakua, na mwili wake una njaa ya madini ya kujengea mifupa na damu. Risasi inaingia kwa mlango huohuo. Ukimeza wewe na akameza yeye kiasi kilekile, mwili wako utachukua kidogo, wake utachukua mara nne au tano zaidi."

"Ameimeza wapi? Simpi risasi ale!"

"Vumbi likitua mkononi, mkono ukaenda mdomoni, amekula. Moshi ukivutwa, umeingia. Ovaroli likifuliwa na nguo za mtoto, zimebeba. Tena vumbi lake lina utamu kidogo. Mtoto akilionja anarudia." Aligeuka akamtazama Chiriku. "Huwa anachezea nini?"

Chiriku alikuwa ameelewa neno hilo moja. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na vyombo vyake. Alichota mchanga kwenye kikombe, akampelekea mgeni kwa mikono miwili.

"Chai," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. Bwana Afya alikipokea kikombe. Mkono wake ulishuka kidogo kwa uzito.

"Nani amemtengenezea?"

"Mimi," alisema Fundi. Bado kulikuwa na fahari kidogo katika sauti yake. Alikuwa hajaelewa bado swali lile linaelekea wapi.

Bwana Afya alikigeuza kikombe kwenye mwanga. Ukingoni palikuwa na alama ndogondogo za meno. Alimpa Fundi akitazame mwenyewe.

Fundi alikitazama. Alipitisha kidole gumba ukingoni, polepole, akazunguka chote. Kisha alilia. Sijawahi kumwona mwanamume akilia namna ile, mdomo wazi, bila kujifunika uso. Bibi alimshika kichwa kama alivyomshika alipokuwa mdogo.

Chiriku alichukua kikombe kutoka mkononi mwa baba yake na kutaka kumpa chai naye. Mama yake alimpokonya. Mtoto alijitupa chini akapiga kelele, na safari hii hatukumgombeza.

Alipoweza kusema, Fundi aliuliza, "Risasi inafanya nini kichwani?"

"Wewe ni fundi, nitakwambia kwa kazi yako," alisema Bwana Afya. "Ubongo wa mtoto mdogo ndiyo kwanza unafungwa waya. Kila siku waya mpya zinaungana: huu wa kusema, huu wa kukumbuka, huu wa kutulia na kusikiliza, huu wa kuzuia hasira. Risasi inaingia inakaa penye maungio. Waya nyingine haziungani. Nyingine zinaungana vibaya. Ndiyo maana anasahau, hatulii, ana hasira, maneno yanampungukia. Huyu hakuwa mvivu hata siku moja."

Hakunitazama mimi alipolisema hilo. Hakujua. Lakini nilishika fremu ya mlango.

"Waya zikifungwa vibaya kwenye gari," alisema Fundi, "mimi nafungua, nafunga upya."

"Ubongo haufunguliwi, ndugu yangu."

"Kwa hiyo akili yake hairudi?"

Bwana Afya alivuta pumzi. "Sitakudanganya. Hospitali kuna dawa ya kutoa risasi kwenye damu. Atalazwa, atapewa. Tumbo litapona, damu itaongezeka. Lakini kilichokwisha kuharibika ubongoni, dawa hairudishi chote. Akila vizuri, akisemeshwa, akifundishwa kwa subira, atasonga mbele. Pale ambapo angefika, huenda asifike."

Mama Chiriku hakulia. Aliuliza swali moja tu, huku amembana Bosi kifuani. "Na huyu?"

"Huyu kipimo chake cha risasi kwenye damu ni kumi na moja. Dada yake ni hamsini na mbili. Hata tano inatosha kutuamsha, kwa sababu hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Lakini Bosi mmemuwahi, kama mtaacha leo. Si wiki ijayo."

Fundi aliinuka. Alichukua ndoo ya maji akaizima mikaa. Mvuke ulipanda, akasimama katikati yake.

Chiriku alilazwa wiki tatu. Daktari alikataa katakata arudishwe kwenye uwanja uleule. "Tukimsafisha damu kisha akarudi kwenye vumbi, tumefanya kazi bure," alisema. Kwa hiyo muda huohuo sisi nyumbani tuliyafanya aliyotuelekeza Bwana Afya. Mabati yalivunjwa. Watu wa afya walikuja na gari, wakalowesha udongo wa juu, wakauchota na kuupeleka pasipofikiwa na watoto, na mwenye nyumba, baada ya kusemwa sana, akamwaga zege uani. Ufagio mkavu ulipigwa marufuku. Sakafu na madirisha vilipanguswa kwa kitambaa kilicholowa maji na sabuni. Mkeka ulitupwa. Bibi alijipa cheo cha askari wa mikono. Hakuna aliyekula bila kunawa mbele yake, hata mimi na vyeti vyangu.

Vyombo vya kuchezea Bwana Afya aliviondoa mwenyewe, vimefungwa kwenye mfuko. Fundi hakuweza kuvigusa tena.

Kazi nayo aliibadilisha. Sasa ana kibanda mbali na makazi. Anachaji betri, anapima, anarekebisha waya. Iliyokufa haipasui, anaipeleka nzima kwenye kiwanda chenye mitambo ya kazi hiyo. Ovaroli na viatu vinabaki kazini, na ovaroli linafuliwa peke yake. Anaoga kabla ya kurudi. Na chakula cha nyumbani nacho kilibadilika: maharage, mboga za majani, mayai, machungwa, maziwa, kwa sababu mtoto aliyeshiba madini mazuri huchukua risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Kila mafundi wanapokaa pamoja, Fundi huwaeleza. Wengine humsikiliza. Mmoja alimjibu, "Mbona wangu hana shida?" Fundi alimwambia, "Mpeleke apimwe, kisha njoo unitukane." Yule bwana alimpeleka. Hakurudi kumtukana.

Mimi nami nilikuwa na kazi yangu. Chiriku aliporudi nilipiga magoti mbele yake darasani, watoto wote wakiona, nikamwambia, "Mwalimu alikosea. Hukuwa mvivu." Sijui alielewa kiasi gani. Alinigusa herini. Tangu hapo kila mtoto mzito ninayempata, kabla ya kumpa jina nauliza wazazi wanafanya kazi gani, kama nyumba ina rangi ya zamani inayobanduka, maana nayo yaweza kuwa na risasi, mtoto anachezea nini, anaokota nini.

Miaka miwili na nusu imepita. Chiriku ana miaka minane. Kipimo chake kimeshuka mpaka saba. Mashavu yamejaa, tumbo limenyamaza. Yuko darasa la kwanza kwa mara ya pili. Herufi anazijua, ila hazijakubali kukaa pamoja zikawa neno. Akichoka anafunika masikio. Jioni namfundisha chumbani kwangu, dakika tano, tunapumzika, dakika tano.

Bosi ana miaka mitatu na miezi miwili. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa mbili. Anauliza maswali tangu anapoamka.

Jumapili iliyopita tulikuwa wote uani. Bosi alikuwa anamzunguka baba yake na kila alichokiokota. "Baba, hii nini? Baba, na hii? Inafanya nini? Kwa nini?" Baba yake alijibu kila swali, hata lile lililoulizwa mara tano, wala hakumwambia anyamaze. Mama yao alikuwa anamenya viazi. Niliona kisu kimesimama. Alikuwa anahesabu, najua, kama nilivyokuwa nahesabu mimi. Miaka mitatu na miezi miwili. Hivyo hasa ndivyo alivyokuwa dada yake.

Bosi alichoka kumuuliza baba akamgeukia dada. Alimwinulia kufuli kuukuu ya mlango wa stoo ya mwenye nyumba.

"Dada, hii nini?"

Chiriku aliitazama. Alifungua mdomo, akaufunga. Alitazama juu, alitazama vidole vyake. Fundi alitaka kumsaidia, nikamwekea mkono begani. Tulingoja. Maji ya bomba yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo, na hakuna aliyekwenda kuyafunga.

"Ku..." alisema Chiriku. "Kufuli."

"Inafanya nini?" Bosi hakumpa nafasi.

"Ina... inafunga." Akafikiri tena, muda mrefu. "Mwenye nyumba anafunga vitu vyake vibovu."

Bibi alipiga makofi mpaka kilemba kikamdondoka. Sote tulicheka, na Chiriku alicheka kwa sababu tulikuwa tunacheka. Fundi alikwenda bombani, akafungulia maji mengi, akanawa uso. Alinawa kwa muda mrefu sana, nasi tukamwacha.